Seva ya akiba imebaki nyuma, au imejitangaza kuu: kutatua matatizo ya urudufishaji wa hifadhidata

Simu huja kwa namna moja. "Fundi, ile seva ya pili mbona haina risiti za leo?" Anayepiga huwa yuko ofisi ya uwakala wa forodha kule Kilindini, au duka la dawa la jumla Mwembe Tayari, au shule moja Nyali, na tayari pembeni yake kuna kijana anamwambia azime mashine awashe tena. Asizime. Mara nyingi kuzima ndiko kunakogeuza kazi ya dakika kumi kuwa ya siku mbili.

Nimeupanga mwongozo huu kwa dalili, kwa sababu aliyepatwa hajui chanzo, anajua alichokiona tu. Mifano mingi ni ya PostgreSQL na MySQL, programu za hifadhidata. SQL Server nimeigusa panapolazimu.

Maneno machache kwanza tuelewane. Seva kuu ndiyo inayopokea maandishi mapya. Seva ya akiba hupokea nakala na kukaa tayari kushika usukani. Huko kunakili ndiko urudufishaji. Kinachosafiri kati yao ni batli, yaani daftari la kila badiliko kwa mfuatano wake, kama batli ya chombo baharini. PostgreSQL huiita WAL, MySQL huiita binlogi. Kuu huiandika, huituma, akiba huipokea na kuihifadhi kwenye diski yake, kisha huitekeleza. Karibu kila hitilafu hapa chini ni mojawapo ya hatua hizo imekwama, na kazi yako ni kujua ipi.

Kabla hujagusa kitu

Jua uko kwenye mashine gani. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya programu, aliyekuwa akihangaika usiku na akiba iliyobaki nyuma alifuta saraka ya data akidhani yuko kwenye akiba. Alikuwa kwenye seva kuu. Alipokatiza amri, takriban GB 300 zilikuwa zimekwenda, na mwishowe data ya saa sita hivi ikapotea, kwani njia za bakapu walizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi. Hao ni watu wanaoijua kazi yao.

Kwa hiyo andika `hostname`, kisha `SELECT pg_is_in_recovery();`. Jibu likiwa `t` uko kwenye akiba, `f` uko kwenye kuu. Kwa MySQL, `SELECT @@hostname, @@read_only;`. Mimi dirisha la seva kuu hulipaka rangi nyekundu, la akiba kijani, na sijuti.

Pili, jua data mpya zaidi iko wapi, na uiandike kwenye karatasi kabla hujabadilisha lolote. Kwenye kuu: `SELECT pg_current_wal_lsn();`. Kwenye akiba: `SELECT pg_last_wal_receive_lsn(), pg_last_wal_replay_lsn();`. LSN ni nafasi ndani ya batli, na namba hizo tatu zimewahi kuniokoa kuliko programu yoyote ya kulipia.

Tatu, uwe na bakapu ambayo imewahi kurejeshwa ikafunguka. Isiyowahi kujaribiwa usiihesabu.

Dalili ya 1: Akiba haiungani na kuu kabisa

Hii ndiyo nyepesi. Anza na kebo, na sifanyi mzaha: hewa yetu ya chumvi hula vichwa vya kebo na matundu ya swichi, hasa katika vyumba vya upande wa bahari ambako madirisha hufunguliwa kiyoyozi kikiharibika. Taa ya swichi ikiwaka kwa kusitasita, badilisha kebo kabla ya kufungua faili lolote la mipangilio.

Kisha bisha hodi kwenye mlango wenyewe ukiwa upande wa akiba: `nc -vz` ikifuatwa na anwani ya kuu na namba 5432, au 3306 kwa MySQL. Ukikataliwa au kukiwa kimya, chanzo cha kawaida ni anwani iliyobadilika baada ya kuwekewa rauta mpya na hakuna aliyekwambia. Kinachofuata ni fayawoli. Halafu, kwa usakinishaji mpya wa PostgreSQL, `listen_addresses` ambayo huja ikiwa `localhost`, yaani seva inajisikiliza yenyewe tu. Ukiibadilisha hiyo, kusoma upya mipangilio hakutoshi. Lazima uwashe huduma upya.

Mlango ukifunguka lakini ukafukuzwa, tatizo ni ruhusa. Katika `pg_hba.conf` neno `all` halijumuishi urudufishaji. Lazima uwe na mstari wake wenyewe ulioandikwa `replication`. Nimewaona watu wakibadilisha nywila mara tano kwa kosa hili moja. Kwenye MySQL 8 utakutana na kosa namba 2061: akaunti inataka muunganisho salama nawe hukuuweka. Dawa yake halisi ni TLS, yaani kusimba mawasiliano. Ndani ya mtandao wa ofisi, kwa dharura, `GET_SOURCE_PUBLIC_KEY=1` hukuvusha.

Chanzo adimu ni akiba iliyozaliwa kwa kunakili diski nzima ya kuu. MySQL hukuta mashine mbili zenye `server_id` ileile, au kitambulisho kilekile ndani ya `auto.cnf`. Badilisha ile ya kwanza. Hii ya pili, zima MySQL ya akiba, liondoe faili, iwashe. Itajiandikia jipya.

Dalili ya 2: Akiba iko hewani, lakini data yake ni ya zamani

Jiulize kwanza kama kweli imechelewa. Watu wengi hupima kwa `now() - pg_last_xact_replay_timestamp()`, na kipimo hicho huhesabu muda tangu muamala wa mwisho uliotekelezwa. Duka likifungwa saa mbili usiku, ikifika saa kumi na moja alfajiri kitasema saa tisa, ilhali hakuna kilichobaki nyuma, ni duka tu limelala. Meneja mmoja wa Bamburi aliniamsha alfajiri tatu mfululizo kwa kengele hiyo. Siku ya nne niliweka jedwali dogo nililoliita `mapigo`, lenye mstari mmoja unaoandikwa saa mpya kila dakika kwenye kuu. Ukiusoma mstari huo kwenye akiba unaona uchelewaji wa kweli, usiku na mchana.

MySQL nayo ina hadaa yake. Katika `SHOW REPLICA STATUS`, ambayo kabla ya toleo 8.0.22 iliandikwa `SHOW SLAVE STATUS`, kuna `Seconds_Behind_Source`. Ikisema `NULL`, utekelezaji au upokeaji umesimama. Ikisema 0 usishangilie: inalinganisha na kilichokwisha kufika, si na kilichobaki kwa kuu. Mtandao ukiwa mbovu, akiba inaweza kusema sifuri huku batli ya saa nzima ingali haijavuka.

Ukithibitisha imechelewa, nenda kwenye kuu usome `pg_stat_replication`. Kuna nguzo nne pale zinazofaa dhahabu: `sent_lsn`, `write_lsn`, `flush_lsn` na `replay_lsn`. Zilinganishe na `pg_current_wal_lsn()`. `Pg_wal_lsn_diff` itakupa pengo kwa baiti.

- Pengo likiwa kati ya kuu na `sent_lsn`, kuu haijaweza kutuma. Imezidiwa au njia imejaa.
- Likiwa kati ya `sent_lsn` na `flush_lsn`, tazama njia, kisha diski ya akiba.
- Likiwa kati ya `flush_lsn` na `replay_lsn`, tulia. Data imeshafika na iko salama kwenye diski ya akiba; kilichokwama ni utekelezaji tu.

Tofauti hiyo ya mwisho ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kuu ikifa sasa hivi, akiba ya aina ya tatu haitapoteza kitu, itachelewa kuamka tu. Ya aina ya kwanza itapoteza.

Chanzo cha kawaida cha pengo la kwanza na la pili ni njia ya intaneti, na mara nyingi mwizi yuko ndani ya nyumba: kamera za ulinzi zinapandisha video, au bakapu imepangwa saa ileile ya kufunga hesabu. Lakini akiba ikiwa ng'ambo, kuna bahari. Nyaya nyingi zinazotuunganisha na dunia zinatua hapahapa Mombasa, na hilo huwafanya watu wadhani tuko salama. Februari 2024 nyaya kadhaa, SEACOM ikiwemo, zilikatika katika Bahari ya Shamu. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo EASSy na SEACOM zikakatika pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikachechemea kwa siku kadhaa. Ushauri wangu: akiba ya kwanza iwe humu nchini. Ya ng'ambo iwe ya pili.

Pengo la tatu, la utekelezaji, lina vyanzo vitatu. Cha kwanza ni ripoti ndefu. Mhasibu hufungua ripoti ya mwezi kwenye akiba ili asiisumbue kuu, na yuko sahihi. Lakini batli ikija na badiliko linalogusa mistari anayoisoma, akiba humsubiri kwa sekunde 30, ndicho kiwango inachokuja nacho, kisha humkatia ripoti. Mhasibu hulalamika, kijana wa kompyuta huweka `max_standby_streaming_delay = -1`, ripoti inakamilika, na kila mtu anafurahi hadi siku inapogundulika akiba imemsubiri mtu aliyeacha dirisha wazi akaenda kwao Lamu kwa sikukuu. Kuna `hot_standby_feedback`, ambayo huiambia kuu isifagie mistari inayosomwa huku. Inasaidia, ila taka hubaki kwa kuu na majedwali hunenepa. Mwenye uwezo atenge akiba mbili, moja ya ripoti na moja isiyoguswa.

Cha pili ni cha MySQL: jedwali lisilo na ufunguo msingi, yaani safu ya kuutambulisha kila mstari. Kuu hubadilisha mistari 50,000 kwa amri moja, akiba hulazimika kuutafuta kila mmoja ndani ya jedwali zima. Kuanzia toleo 8.0.27 `replica_parallel_workers` huja ikiwa 4, lakini amri moja nzito haigawanyiki, kwa hiyo kuongeza wafanyakazi hakutakuokoa. Ongeza ufunguo.

Cha tatu ni umaskini wetu. Akiba hupewa mashine iliyostaafu, yenye diski ya kuzunguka, wakati kuu ina SSD. Inavumilia siku za kawaida na kuanguka mwisho wa mwezi. Akiba isiyoweza kubeba mzigo wa kuu siku ya msiba, umeiweka ya nini?

Simama hapa: ukiona maneno `I/O error` kwenye `dmesg`, daftari la ujumbe wa mfumo, ya mashine yoyote kati ya hizo mbili, usiendelee kutengeneza urudufishaji. Diski inakufa. Chukua nakala ya data kwanza, kisha ita fundi.

Dalili ya 3: Diski ya seva kuu inajaa bila sababu

Sababu ipo. Ni akiba iliyosahauliwa.

Ofisi moja ya mizigo ilihamisha akiba yao ya Nairobi kwenda jengo jingine na kuizima "kwa muda". Walikuwa wakitumia sloti, yaani ahadi ambayo kuu huiwekea akiba: sitatupa batli yoyote hujaipokea. Kuu ikatimiza ahadi. Faili moja la WAL ni MB 16. Ikiandikwa moja kwa dakika, hiyo ni zaidi ya GB 22 kwa siku. Ijumaa mchana, wakati wa swala, diski ilifika mwisho na PostgreSQL ikajizima, kwa sababu bila mahali pa kuandika batli haikubali kuandika kitu kingine. Biashara nzima ikasimama kwa ajili ya mashine iliyokuwa sakafuni, imefungwa kwenye boksi.

Angalia: `SELECT slot_name, active, restart_lsn, wal_status FROM pg_replication_slots;`. Sloti yenye `active` ya `f` na `restart_lsn` ya zamani ndiyo mshukiwa. Ukihakikisha akiba hiyo hairudi leo, ondoa sloti kwa `pg_drop_replication_slot`. Nafasi itajiachia baada ya muda, na akiba ikirudi utaijenga upya. Kisha weka `max_slot_wal_keep_size`, ambayo ipo tangu toleo la 13 lakini huja bila kikomo. Ukiweka kikomo unakubali kwamba akiba inaweza kuachwa, ila kuu isife. Mimi huona huo ni uchaguzi usio na mjadala.

Sloti zikiwa safi, tazama `archive_command`, amri ya kunakili WAL kwenye hazina. Kama inashindwa, labda diski ya nje imechomolewa, WAL hurundikana vilevile. Kwenye MySQL 8, binlogi hukaa siku 30 usipoagiza vingine. Zipunguze kwa `PURGE BINARY LOGS`, baada ya kusoma akiba imefika faili gani.

Onyo ambalo ningeliandika ukutani: usifute faili kwa mkono ndani ya `pg_wal`. Hata moja. Hata kama jina lake ni la zamani. Si takataka zile, ndizo zinazoiwezesha hifadhidata kuamka. Umeshafuta na seva haiwaki? Usijaribu `pg_resetwal` kwa kusoma mahali fulani. Ita mtu.

Dalili ya 4: Urudufishaji umesimama na kuacha kosa

Ujumbe wa PostgreSQL unaosema `requested WAL segment has already been removed` maana yake akiba ilikaa nje mno na kuu imeshatupa ilichohitaji. Kwenye MySQL ni kosa 1236. Kama una hazina ya WAL mahali pengine, ielekeze akiba huko kwa `restore_command` nayo itajivuta yenyewe. Huna? Hakuna njia ya mkato, jenga akiba upya kwa `pg_basebackup`. Fanya usiku, maana itaimeza njia yako yote ya mtandao.

Makosa 1062 na 1032 ya MySQL ni ya tabia nyingine. La kwanza linasema mstari unaoletwa tayari upo, la pili linasema mstari wa kubadilishwa haupo. Chanzo cha kawaida kabisa: kuna mtu aliandika moja kwa moja kwenye akiba, akidhani ni kuu au "akijaribu tu". Chanzo kingine ni stima kupotea akiba ikiwa katikati ya kazi bila UPS. Kwa hilo la stima, washa `relay_log_recovery` ili ikiamka iombe upya kutoka kwa kuu.

Wapo wanaoruka kosa kwa `sql_replica_skip_counter`, mara moja, mara kumi, hadi kijani kiwake. Umeruka nini hukijui. Kila unachoruka ni tofauti kati ya mashine mbili itakayojitokeza siku utakapoihitaji akiba. Ukiona makosa zaidi ya mawili matatu, jenga upya, kisha weka `super_read_only` kwenye akiba, kwa sababu `read_only` peke yake haimzuii mwenye mamlaka ya juu, na huyo ndiye aliyekosea.

Dalili ya 5: Watumiaji wakihifadhi, skrini inaganda, lakini kusoma kunaendelea

Hapa huna haja ya kutafuta mbali. Umeweka urudufishaji wa kusubiriana na akiba imekufa. Kuu haikubali kuthibitisha muamala hadi akiba ijibu, na maiti hajibu.

Ili kazi iendelee sasa hivi: `ALTER SYSTEM SET synchronous_standby_names = '';` kisha `SELECT pg_reload_conf();`. Waliokwama wataachiliwa. Andika saa uliyofanya hivyo, maana tangu dakika hiyo kuu iko peke yake, na ikifa kabla akiba haijarudi, vilivyoandikwa katikati vimekwenda. Dawa ya kudumu ni akiba mbili na mpangilio wa `ANY 1`, kuu isubiri yeyote atakayewahi.

MySQL hufanya kinyume. Urudufishaji wake wa nusu kusubiriana ukingoja sekunde 10 bila jibu, huacha kungoja na kuendelea kimyakimya. Hakuna anayeganda, hakuna anayejua. Sijui kipi kinanitisha zaidi. Kipimo cha `Rpl_semi_sync_source_status` kiwekee kengele.

SQL Server yenye uakisi wa zamani, ambamo akiba huitwa kioo na mashine ya tatu ya kupiga kura huitwa shahidi, ule ambao Microsoft imewaambia watu tangu toleo la 2012 wauache, ina kisa chake: katika hali ya usalama wa juu yenye shahidi, kuu ikipoteza kioo na shahidi kwa pamoja, hujitoa hewani yenyewe kwa kukosa akidi. Watu hudhani imeharibika, kumbe imetii. Angalia njia kwanza, hasa mlango 5022.

Kama skrini haigandi ila kila kuhifadhi ni kuzito, hesabu umbali. Nuru ndani ya faiba huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Mombasa hadi Nairobi, karibu kilomita 500 za njia, kwenda na kurudi ni milisekunde 5 kabla swichi yoyote haijachukua chake. Kwa risiti moja si kitu. Kwa programu inayothibitisha kila bidhaa ya kontena moja moja, utasikia.

Dalili ya 6: Mashine mbili, zote zinapokea maandishi

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hii ndiyo hitilafu mbaya kuliko zote humu, na katika ofisi zetu nimeiona ikizaliwa na kitu kidogo: stima zinapotea, seva zote mbili ziko kwenye UPS, swichi iliyo kati yao haiko. Kila seva inaona mwenzake ametoweka. Akiba yenye programu ya kujipandisha cheo inajitangaza kuu. Kuu ya zamani haina habari. Stima zinarudi, nusu ya ofisi inaandika huku, nusu kule.

Si aibu ya wadogo tu. Tarehe 21 Oktoba 2018 GitHub, nao wahifadhi wa misimbo, walipoteza mawasiliano kati ya vituo vyao kwa sekunde 43, mfumo ukapandisha seva za upande wa pili, na kila upande ukabaki na maandishi ambayo mwenzake hana. Walihitaji saa 24 na dakika 11 kurejea sawa.

Fanya haya, kwa mfuatano huu:

1. Zuia watumiaji kwenye zote mbili. Funga programu, si hifadhidata.
2. Usifute kitu, usiunganishe tena urudufishaji. Ukiunganisha, upande mmoja utafunikwa.
3. Chukua nakala kamili ya kila upande, kwenye diski ya tatu.
4. Ita mtaalamu, na mwite pia mtu wa hesabu. Kuamua risiti ipi ni ya kweli si kazi ya fundi wa kompyuta.

Ndipo baadaye uje ule usafi wenyewe. `pg_rewind` hurudisha kuu ya zamani iwe akiba, kwa sharti kwamba `wal_log_hints` au hundi za kurasa (checksums) zilikuwa zimewashwa kabla ya balaa, lakini hutupa kila kilichoandikwa upande unaorudishwa nyuma. Toa kwanza unachokihitaji.

Ili isijirudie: swichi nayo ipewe UPS. Halafu, mashine mbili peke yake zisiachiwe kujipandisha cheo. Kwa kura mbili hakuna wingi. Weka shahidi wa tatu, hata kompyuta ndogo inayoendesha etcd, programu ya kura, kwa ajili ya Patroni, programu inayopandisha akiba cheo, na usimweke chumba kilekile. Mkiwa hamna uwezo wa watatu, basi kubadilishana zamu kuwe kwa mkono, na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina ndiye aamue. Bora dakika ishirini za kungoja kuliko wiki ya kupatanisha.

Dalili ya 7: Akiba imeshika usukani, lakini mambo hayaendi

Programu inaendelea kuita mashine iliyokufa: anwani imeandikwa ndani ya mipangilio ya kila kompyuta badala ya jina moja la kati. Tiba unaijua.

Kosa la namba zinazojirudia kwenye rekodi mpya, kama ulitumia urudufishaji wa kimantiki wa PostgreSQL, unaonakili mabadiliko ya mistari badala ya batli ghafi, linatokana na mfuatano wa namba ambao haukubebwa. Usogeze kwa `setval` kupita namba kubwa iliyopo.

Halafu kuna lile la kishetani. Unatafuta mteja kwa jina, huambiwa hayupo. Unafungua orodha yote, unamwona. Akiba ina toleo tofauti la Linux na kuu, na glibc 2.28 ya mwaka 2018, maktaba ya msingi ya Linux, ilibadilisha jinsi maneno yanavyopangwa, kwa hiyo faharasa iliyojengwa kwa mpangilio mmoja inasomwa kwa mwingine. Chunguza kwa `bt_index_check` ya `amcheck`, kisha `REINDEX`. Afadhali zaidi, mashine zote ziwe na toleo moja la mfumo tangu siku ya kwanza.

Dalili ya 8: Data imefutwa, na kwenye akiba haipo vilevile

Urudufishaji umefanya kazi yake kikamilifu. Mtu alisahau `WHERE`, nayo amri ikasafiri kwa sekunde moja. Kama una akiba iliyocheleweshwa kwa makusudi, kwa `recovery_min_apply_delay` au `SOURCE_DELAY`, kimbia ukaisimamishe, `pg_wal_replay_pause()` au `STOP REPLICA SQL_THREAD`, kabla saa yake haijafika. Kama huna, ni bakapu.

Ukimpigia fundi

Mpe haya kabla hajauliza: zile namba tatu za mwanzo, toleo la hifadhidata na la mfumo kwa kila mashine, mistari mia ya mwisho ya faili la makosa kutoka pande zote mbili, na saa stima zilipopotea au rauta ilipobadilishwa. Mwambie kila ulichokwisha jaribu, hata kile unachokionea haya, hasa hicho. Na kama kilichotokea ni akiba kuibwa ofisini, usisahau kwamba ndani yake mna data ileile ya wateja iliyo kwenye kuu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatoa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data, na saa hizo huanza kuhesabiwa unapojua, si fundi anapofika.